Mtambo Ambao Haujawahi Kuanguka

6 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimekubali masharti yako, tuandikiane. Tangu tulipokatiana simu mara ya pili nimeona kweli, mimi na wewe kwenye simu hatuongei, tunapigana vikumbo. Wewe unasema, mimi nadakia, wewe unapandisha sauti, mimi naitwa mtovu wa adabu, na hakuna aliyesikia mwenzake alikuwa anataka nini. Kwa barua angalau utanisoma mpaka mwisho kabla ya kunigombeza. Usiruke mistari, nakujua.

Habari yenyewe ni hii. Wiki ijayo wanafunga zamu za pale nyumba ya pampu, zote tatu. Mkurugenzi anasema ile kompyuta inajua kazi yake: inasoma maji ya tangi la mlimani, yakipungua inawasha pampu, yakijaa inazima, na imefanya hivyo tangu mimi sijaanza shule. Kuweka watu pale waikodolee macho ni kupoteza watu. Wote wanahamishiwa ofisi ya ankara. Domo anasema atakufa huko, kwa sababu watu wa ankara wanahesabu na hawataki kuongeleshwa. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kufunga kifaa kitakachotuma namba za kompyuta ile mpaka ofisini kwetu, tuwe tunaiona kwa mbali.

Na unajua ushahidi wao mkubwa ni nani? Ni wewe. Mkurugenzi aliisoma kikaoni hotuba yako ya siku ya kukuaga. "Mtambo huu haujawahi kuanguka na hautaanguka, kwa sababu ulitengenezwa na watu waliojua kutengeneza." Neno kwa neno, Shangazi. Watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Programu ile nimeifungua nikaisoma, na huo uimara sikuuona, nimeona fujo iliyozeeka tu. Lakini kila nikinyoosha mkono naulizwa: mbona haijawahi kuanguka? Sasa nakuuliza wewe uliyekuwa mkuu wa chumba kile mpaka unastaafu. Ni kweli haihitaji mtu?

Mwanao,
Kiroboto


10 Februari

Kiroboto,

Marahaba. Nimesoma mpaka mwisho na sikuruka kitu, hata pale uliponiita mpiganaji.

Nakujibu bila kuzunguka. Mtambo ule ni mzima kuliko mimi na wewe. Unasema umeufungua ukaona fujo. Wewe hata chumba chako ulipokuwa hapa nilikuwa naona fujo, ukaniambia unajua kila kitu kilipo. Basi na aliyeuandika alijua.

Vitu vya zamani vilitengenezwa vidumu, mwanangu, hilo halina mjadala. Friji langu linagandisha tangu kabla hujazaliwa. Cherehani ya bibi yako bado inashona. Simu uliyoninunulia wewe, kwa mapenzi yako, imekufa kabla sijajua kuipunguza sauti. Nyinyi mnatengeneza kitu huku tayari mnajua lini mtarudi kukirekebisha.

Kuhusu wenzangu kuhamishwa, nimeumia. Mama Pacha nimeingia naye kazini mwaka mmoja, na Domo nimemvumilia kiasi kwamba sasa nampenda. Lakini siwezi kusema mtambo ni mgonjwa ili Domo abaki na kiti chake. Huo utakuwa uongo, na mimi chumba kile sikukiendesha kwa uongo. Na nikwambie lingine, nilifurahi kusikia Mkurugenzi bado anaikumbuka hotuba yangu. Usicheke.

Funga kifaa chako. Ila usiguse kitu kingine chochote.

Shangazi yako


16 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka kidogo tu.

Friji lako linafungwa mlango kwa kamba, Shangazi. Linagandisha kwa sababu kila ukitoka jikoni unaikaza ile kamba. Cherehani ya bibi imebadilishwa kila kitu isipokuwa jina. Na vile vitu vingine vya enzi hizo, redio, pasi, ile feni iliyotaka kumkata baba kidole, viko wapi? Vilikufa vikatupwa, kwa hiyo huvihesabu. Unavihesabu viwili vilivyobaki halafu unasema vya zamani havifi.

Haya, nimemaliza ubishi wangu.

Kifaa nimekifunga. Kinasoma tu, hakiandiki kitu kwenye kompyuta, nimehakikisha mara nyingi mpaka nikajichosha. Kingine sijagusa. Siku ya mwisho ya zamu Mama Pacha alideki sakafu mpaka ikang'aa, nikamuuliza anamdekia nani na hakuna anayekuja. Akasema, "Nimezoea." Domo hakusema neno, na hilo lilinitisha kuliko machozi ya Mama Pacha. Tukafunga mlango kwa kufuli. Ndani umebaki mtambo wako peke yake.

Mwanao,
Kiroboto


3 Machi

Shangazi,

Naandika haraka. Mtambo umeanguka.

Mlimani kote hakukuwa na maji tangu jioni ya juzi mpaka jana mchana. Wodi ya wazazi ya hospitali ya huko walikuwa wanapandisha ndoo kwa ngazi. Muuguzi mmoja alinikuta getini na sare yangu ya idara ya maji, akanitazama tu, nikatamani anitukane. Skrini ofisini kwetu ilikuwa inaonyesha tangi limejaa pomoni. Tulipopanda kulifungua, lilikuwa kavu mpaka unaona kutu chini. Domo amerudishwa haraka kuziendesha pampu kwa mkono, kwa kuangalia kipimo cha tangi kilicho ukutani, kwa hiyo maji yapo sasa.

Wanasema ni kifaa changu. Hawasemi huenda, wanasema ndicho. Mtambo ulikuwa mzima miaka yote, Kiroboto kaugusa, umekufa, basi. Nimepewa barua ya kunitaka nijieleze, na tarehe thelathini nasimama mbele ya bodi. Meneja wangu ameshaanza kunisalimia kwa upole, na wewe unajua maana ya upole wa namna hiyo. Nikishindwa kuonyesha chanzo ni kitu kingine, nafukuzwa kazi.

Sikuugusa mtambo, Shangazi. Niambie unaniamini.

Kiroboto


7 Machi

Mwanangu,

Nimesoma barua yako nimekaa, nikaisoma tena nimesimama. Namuonea huruma kila mama aliyekuwa kwenye wodi ile.

Sasa nisikilize bila kupandisha mabega. Jiweke mahali pangu. Kitu kimetulia miaka na miaka, anaingia mtu na kifaa kipya, wiki mbili hazijaisha kinaanguka. Ungefikiri nini? Sisemi ulikusudia. Nasema umegusa kitu usichokijua, na hukujua kwamba umekigusa. Inatokea. Nyinyi mna haraka, mna akili nyingi, na mtambo ule hauna haraka.

Nenda ukaombe msamaha. Usiende na maelezo marefu. Sema ulikosea, ung'oe kifaa chako, uone kama mtambo hautarudi kama zamani. Mtu mwenye umri wako akikiri husamehewa. Mkurugenzi nitamwandikia mimi, ananiheshimu.

Nakupenda. Ndiyo maana nakwambia.

Shangazi yako


10 Machi

Shangazi,

Shikamoo.

Siombi msamaha wa kosa ambalo sijalifanya. Na tafadhali usimwandikie Mkurugenzi. Barua yako ya kuniombea itasomwa kama barua ya kunishtaki, kama ilivyosomwa ile hotuba.

Nimeumia. Naliandika ulione, kwa sababu kwenye simu ningepiga kelele badala ya kulisema. Bodi nzima ikinidhania vibaya nitakula na kulala. Wewe ukinidhania vibaya silali.

Kifaa nilishaking'oa siku ile ile. Nikaiwasha kompyuta upya, ikafanya kazi vizuri, siku chache baadaye ikaanza tena kusema uongo kuhusu tangi. Kifaa hakipo, Shangazi, na bado inadanganya. Wenzangu wanasema ni kwa sababu nilishaiharibu. Kwa hiyo sina ushahidi, nina hasira tu, na hasira bodini hazipokelewi.

Lakini kuna kitu kilibadilika. Kama si kifaa, basi ni watu kuondoka. Hakuna kingine kilichobadilika mwezi ule. Nimewauliza Domo na Mama Pacha mlikuwa mnafanya nini mle ndani, wote wawili wamenijibu vilevile: "Tulikuwa tunaangalia." Kuangalia hakuponyi kompyuta.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, hata kama unaniona mkosaji. Nieleze zamu moja, tangu mtu anapoingia mpaka anapotoka. Usinichagulie vya maana. Niandikie hata vya kipuuzi.

Kiroboto


14 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Sikukudhania vibaya, nilikudhania mdogo. Kwangu hayo ni mambo mawili, lakini naona kwako ni moja, na kwa hilo samahani.

Umetaka upuuzi, haya.

Unaingia. Viatu vyenye tope unaviacha mlangoni, kwa sababu mwenzako amedeki. Unamuuliza habari za wanawe. Kabla hujatazama chochote unasimama katikati ya chumba unazisikiliza pampu. Ile ya kushoto ina mlio wa mtu mwenye mafua, ikinyamaza mafua ujue kuna tatizo. Unaangalia kipimo cha ukutani, unaangalia skrini, vikilingana unakaa. Unachemsha chai. Kama uko na Domo, hapo ndipo hadithi inapoanza, na inakwisha akienda kwao. Unapaka grisi. Unazunguka nyumba kuona kama bomba la nje halivuji. Likivuja unalifunga kwa mpira, unapiga simu kwa mafundi, hawaji, unakaza mpira.

Saa ya kutoka ikikaribia unaanza kumwandalia anayekuja, na hapa nilikuwa mkali kweli. Unadeki. Unaosha vikombe vyote, hata usivyovichafua wewe. Kiti unakirudisha mahali pake. Kompyuta unaizima na kuiwasha upya, mwenzako akute skrini safi, siyo iliyojaa namba zako za tangu asubuhi. Dirisha unalifungua, harufu ya chakula chako itoke. Mama Pacha aliniachia vikombe vichafu siku moja tu, na hatukusemeshana mpaka alipojifungua. Huko ni kumheshimu mwenzako. Siku hizi nyinyi mtu anatoka kazini utadhani anakimbizwa, anayeingia baada yake anakuta maganda mezani.

Hiyo ndiyo zamu. Hakuna uchawi humo.

Shangazi yako


17 Machi

Shangazi, Shangazi, Shangazi,

Mara ya kwanza nilisoma nikacheka kwa ajili ya vikombe. Mara ya pili nikafika kwenye skrini safi, nikasimama katikati ya ofisi na barua mkononi, watu wakaniuliza nani amefariki.

Nieleze ninavyoelewa. Kila programu ile inaposoma tangi, inaiweka ile namba kichwani mwake. Haisahau hata moja, maana aliyeiandika hakuipa njia ya kusahau. Niliiona sehemu hiyo zamani, ila nilijiambia kama ingekuwa na madhara ingeshaanguka. Hata mimi, unaona, nililishwa hotuba yako. Kichwa kikijaa, inachelewa. Inaanza kukuonyesha maji ya saa iliyopita, halafu ya jana. Siku ile ilikuwa inaliangalia tangi la juzi yake, lililojaa, ikazima pampu kwa moyo mweupe.

Ukiizima na kuiwasha, inasahau yote na kuanza upya. Hiyo ndiyo dawa yake pekee, na nyinyi mlikuwa mnaipa mara tatu kwa siku bila kukosa, mkidhani mnamwandalia mwenzenu meza. Zamu zikafungwa, na hakukuwa na wa kumwandalia mwenzake.

Shangazi, haukuwa imara kamwe. Tangu siku ya kwanza ulikuwa unaanza kufa asubuhi, na mchana mtu mwenye adabu anaufufua.

Sikuharibu kitu!

Mwanao,
Kiroboto


20 Machi

Kiroboto,

Siamini.

Yaani unaniambia maisha yangu yote ya kazi nimekuwa na mgonjwa ndani, nikitoka nje nawasifia watu afya yake? Domo mwenyewe alikuwa mvivu, mara ngapi aliondoka bila kuizima, nikamkemea mbele ya watu. Mbona haikuanguka?

Usinijibu. Najua utanijibu kwamba aliyemfuata aliizima. Umefundishwa ubishi na mimi mwenyewe.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Shangazi yako


26 Machi

Mwanangu,

Naandika nikiwa ndani ya nyumba ya pampu. Usikasirike. Nimefika hapa siku iliyofuata ile barua yangu, nimelala kwa Mama Pacha, na niliwakataza wote wasikwambie. Nilijua tukionana tutabishana, na mimi sikuja kubishana, nilikuja kuona kwa macho yangu.

Nilimwambia Domo: wewe kaa kwenye swichi ya mkono, macho kwenye kipimo cha ukutani, pampu ziendeshe wewe ili mlimani wasikose maji hata tone. Hii kompyuta tuiache ikae inasoma tu, na hakuna wa kuizima. Akaniuliza, "Hata tukibadilishana zamu?" Nikasema hata tukibadilishana zamu.

Jioni ya kwanza mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilishaosha vikombe, nimerudisha kiti, nikajikuta kidole kiko juu ya kile kitufe, na mawazo yangu yako kwenye dirisha. Domo akapiga kelele, "Mama Mkuu, mkono!" Tukacheka, halafu nikaacha kucheka. Nilikuwa nafanya hivyo bila hata kujua nafanya. Ndiyo maana hakuna aliyeweza kukwambia.

Siku mbili za mwanzo skrini na ukuta vilikwenda pamoja, nikaanza kujisikia vizuri, nikapanga na maneno ya kukwambia. Siku ya tatu nikaona skrini inasita. Jana ilikuwa nyuma ya ukuta. Leo asubuhi ukutani tangi liko nusu, kompyuta inaniambia limejaa, na taa yake ya kijani inawaka kana kwamba hakuna kitu. Nilikaa nikaitazama. Nilikuwa na hasira nayo kweli, kama mtu aliyesalimiwa kwa tabasamu miaka mingi na mwizi wake. Kisha nikalia kidogo, Domo akaenda kukagua bomba la nje ambalo halikuwa linavuja.

Ulikuwa sahihi. Nilikwambia ukakiri kosa, na kosa halikuwa lako. Tarehe thelathini nitakuwepo. Waliitumia hotuba yangu kuwatoa wenzangu na sasa wanaitumia kukutoa wewe, kwa hiyo nakwenda kuitengua kwa mdomo ule ule ulioitoa.

Shangazi yako


27 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Domo, ambaye ameweza kunificha siri siku zote hizo, kwa hiyo sasa naamini miujiza.

Umekuwa hapa mjini, mtaa wa pili, nami nangoja barua yako posta! Nimekasirika, halafu nimefurahi mpaka nimeshindwa kula.

Lakini usiende bodini, nakuomba. Namba kama zile ulizoziona kwa macho ninazo kwenye kompyuta yangu, kifaa changu kilizituma kabla sijaking'oa, nitaonyesha mwenyewe. Unajua watakavyokuuliza. Watakuuliza ilikuwaje mkuu wa chumba akae na kitu miaka yote hiyo asijue kinaumwa. Watacheka. Jina lako bado linatajwa kwa heshima kwenye korido zile, na sitaki liishie kwenye kikao changu.

Kuna na jingine, na hili lazima ulijue kwanza kutoka kwangu. Nikisema ukweli lazima niuseme wote. Kuna njia rahisi ya kuitibu kompyuta ile bila mtu. Naweza kuiwekea saa ndogo ya kuizima na kuiwasha yenyewe. Ni kazi ya asubuhi moja. Nikiificha ili zamu zirudi, na mimi nitakuwa nadanganya. Nikiisema, nitajiokoa mimi na kuwamaliza Domo na Mama Pacha.

Nitaisema. Wewe ulikataa kuongopa kwa ajili ya kiti cha Domo, na mimi siwezi. Unisamehe.

Kiroboto


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Ulitoka ukaenda zako kituo cha basi kabla ya uamuzi, hukuaga hata mtu. Najua kwa nini. Hukutaka mtu akuone unangoja.

Basi nikuandikie, ijapokuwa nusu ya kwanza uliiona. Nataka uisome kutoka upande wangu wa meza.

Mimi nilionyesha namba zangu, na hawakunielewa. Niliziona nyuso zao. Halafu ukasimama wewe ukasema, "Ile hotuba mnayoisoma ilikuwa ya mtu asiyejua," ukawaeleza kuhusu vikombe, kiti na skrini. Yule mjumbe mwenye miwani akauliza lile swali nililoliogopa. "Mama, uliuendesha mtambo huu miaka yote hiyo na hukuujua?" Wakaanza kutabasamu.

Ukasema, "Mtambo sikuujua. Niliwajua wenzangu."

Hakuna aliyetabasamu tena, Shangazi. Mkurugenzi alishusha kalamu.

Nikaisema ile habari ya saa, kama nilivyokwambia. Mkurugenzi akachangamka, akasema basi tatizo limekwisha, iwekwe kesho. Na wewe, hata hukuomba nafasi, ukauliza, "Na hiyo saa ikisimama, nani atakuwa chumbani?" Ukakaa. Dakika chache baadaye ukatoka.

Uamuzi ni huu. Barua ya kunitaka nijieleze imefutwa. Sikuharibu kitu, na imeandikwa hivyo. Saa itawekwa, lakini chumba hakitafungwa tena kufuli: atakuwepo mtu mchana na mtu usiku. Domo anarudi, ameshaanza kumsimulia kila anayepita alivyouzuia mkono wako kwa kelele. Mama Pacha amekataa kurudi. Anasema ankara wana viti vizuri na kila mtu anaosha kikombe chake. Zamu ya tatu imekufa, hilo sikuweza kulizuia.

Na wameniagiza niandike programu mpya. Yote, kuanzia mwanzo. Meneja wangu ameacha upole wake, ananifokea kama kawaida, nimefurahi sana.

Naogopa, lakini. Nikiwa peke yangu na skrini tupu najiuliza, na mimi nitasahau kitu gani?

Mwanao,
Kiroboto


6 Aprili

Mwanangu Kiroboto,

Marahaba. Nimefurahi, na sitasema zaidi ya hapo maana nitaanza kulia na jirani amekaa hapa ananitazama. Ulipoisema ile habari ya saa mbele ya watu wale, huku unajua inamgusa Domo, nilijivunia wewe kuliko nilivyowahi kujivunia mtambo wowote. Ndiyo maana nilitoka. Sikuwa nakimbia uamuzi.

Nikiwa ndani ya basi kuna jambo limenirudia, wala sijui lilikuwa limelala wapi. Kumbuka mimi nilikuwepo siku ile kompyuta inafungwa. Alikuja kijana mmoja mwembamba, hakula siku nzima, alikuwa anaongea na skrini. Alipokuwa anakusanya nyaya zake nikamuuliza hii itatufaa kwa muda gani. Akacheka. Akasema, "Hii ni ya kushikizia tu, Dada. Ile yenyewe inakuja mwakani."

Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Mwakani ikafika, ile yenyewe haikuja. Ikafika mwakani nyingine. Hii ikawa inafanya kazi, bosi akabadilishwa, tukaacha kuulizia. Baadaye nikaanza kuisifu, na jinsi ilivyozidi kuzeeka ndivyo nilivyozidi kuisifu. Yule kijana hakutudanganya hata kidogo. Sisi ndio tuliochukua kitu cha kushikizia tukakiita cha milele, kwa sababu ilikuwa vizuri kuamini hivyo kuliko kwenda kugonga milango.

Unauliza utasahau kitu gani. Utasahau kitu, hilo usilipotezee usingizi. Mimi sitaki uandike programu itakayodumu. Neno hilo nilishalisema mimi kwa kipaza sauti, likakuponza. Andika yenye kujua kwamba siku moja itaharibika. Ikianza kukosea, iseme kwa sauti, na imwite mtu kwa jina. Kisha wewe hakikisha mtu huyo yupo. Wakikwambia hakuna haja ya mtu, wabishie. Ukichoka kuwabishia, niite, nitapanda basi.

Ile yenyewe tumeingoja tangu wewe hujaota meno. Kaa chini uilete.

Shangazi yako